Amani, imani, amana: neno la kuaminiana na safari yake hadi Makobola



Kila anayetafsiri kitabu cha mafunzo ya amani kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili hukwama mahali pamoja. Kitabu kinasema confiance. Mtafsiri wa kwanza anaandika imani. Wa pili anaona imani ni jambo la kanisani na msikitini, anaandika uaminifu. Wa tatu anaandika tumaini. Wa nne, aliyezaliwa Uvira na kusomea Uvira, analiacha kama lilivyo, konfiansi, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema sokoni: "Sina konfiansi na yeye." Hakuna kati yao aliyekosea kabisa. Lakini kila neno linamwomba mshiriki jambo tofauti, na mahali kama Makobola tofauti hiyo si ndogo.

Makobola iko kwenye barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka, kusini mwa mji, mahali milima inapokaribia maji ya Ziwa Tanganyika hata barabara inabaki na nafasi nyembamba. Hapo ndipo wilaya ya Uvira inapokutana na ile ya Fizi: Makobola ya kwanza iko upande wa Uvira, Makobola ya pili upande wa Fizi. Wabembe, Wavira na Wafuliiru wamekaa karibu karibu, na juu milimani wako Wanyamulenge ambao kwa miaka mingi walishuka na ng'ombe wao wakati wa kiangazi. Ni njia ya kupita. Mtu anayekaa njiani anahitaji kujua nani wa kumwamini kuliko mtu anayekaa mwisho wa barabara.

Katika makala hii tunataka kueleza neno lenyewe: limetoka wapi, lina ndugu gani, na kwa nini tunadhani ndugu mmoja amesahauliwa katika warsha zetu.

Ukoo wa neno

Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu mzizi wenye herufi tatu, alif, mim na nun. Maana yake ya msingi ni kuwa salama, kutokuwa na hofu, kutulia. Kutoka mzizi huo mmoja tulipata kitendo kuamini, tukapata imani, tukapata amana, na tukapata amani. Kiswahili chenyewe kikaendelea kuzaa kwa viambishi vyake: mwaminifu, uaminifu, kuaminika, kuaminisha, kuaminiana. Hata amina tunayosema mwisho wa sala ni ya ukoo huo. Ilitoka katika Kiebrania, lugha iliyo ndugu ya Kiarabu, na inasema kwamba jambo lililotamkwa ni thabiti, mtu anaweza kusimama juu yake. Wakristo na Waislamu wa Uvira wanamaliza sala zao kwa neno hilo moja, kila mmoja katika nyumba yake ya ibada.

Tuanze na imani. Wengi wetu tumelisikia kanisani kwanza, kwa hiyo tunalifikiria kama kuamini yale yasiyoonekana. Lakini Kiswahili cha pwani kina maana ya pili ambayo kamusi zote kubwa zinaiandika: imani ni huruma pia. Kumwonea mtu imani ni kumhurumia. Mtu asiye na imani, katika maana hiyo, si mpagani. Ni katili, mtu anayeweza kukutazama ukiumia na asisikie kitu. Mimi binafsi nilishangaa nilipoijua maana hii, kwa sababu inaeleza jambo ambalo watu wetu wanalijua bila kufundishwa: kumwamini mtu kunaanza na kujua kama ana uwezo wa kukuonea huruma.

Amana ni tofauti. Amana ni kitu. Unasafiri, unamwachia jirani mbuzi wako, au fedha, au mtoto, au ufunguo wa nyumba. Hicho ulichoacha ni amana, si mali ya jirani hata kama kiko mikononi mwake. Katika benki za Tanzania na Kenya fedha za wateja zinaitwa amana mpaka leo. Hapa kando ya ziwa neno hilo halisikiki sana kwa kawaida. Watu husema tu "nimemwachia," na kila mtu anaelewa. Katika Uislamu, Mtume Muhammad aliitwa Al-Amin, mwaminifu, hata kabla ya utume wake, na masimulizi yanaeleza kwamba watu wa Makka walimwachia mali zao azihifadhi. Sifa hiyo ilitokana na vitu vilivyorudi kwa wenyewe.

Na sasa amani. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwarabu akitaka kusema amani, yaani kinyume cha vita, husema salam. Neno hilo Kiswahili kililipokea pia, lakini kikalipa kazi nyingine: tulipata salama, yaani bila hatari, na salamu tunazopeana asubuhi. Kwa upande mwingine, neno la Kiarabu aman, linalomaanisha usalama na kuondolewa hofu, ndilo Kiswahili kililolichukua na kulifanya amani. Ni kama lugha ilibadilishana nguo. Sisi tunaposema amani, tunatumia neno ambalo asili yake ni "uko salama kwangu."

Sheria ya Kiislamu ya zamani ilikuwa na desturi iliyoitwa kwa neno hilo hilo, aman. Mgeni kutoka nchi ya maadui aliweza kupewa aman, yaani ahadi kwamba maisha yake na mali yake havitaguswa kwa muda uliokubaliwa. Wanazuoni wengi walikubali kwamba si mtawala peke yake aliyeweza kuitoa. Mwislamu wa kawaida, mwanamume au mwanamke, aliweza kumwambia mgeni maneno hayo na wenzake wote wakafungwa nayo. Aliyepewa aman na kisha akauawa, aliuawa kwa hiana. Tunaona basi kwamba amani, katika asili ya neno, haikuwa hali ya hewa inayokuja na kuondoka. Kulikuwa na mtu aliyeitoa, mtu aliyeipokea, na jina baya lililomngoja atakayeivunja.

Jinsi lilivyofika ziwani

Tusifiche upande mbaya wa safari hii. Kiswahili kilifika Uvira katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kutoka Zanzibar na Bagamoyo, kupitia Tabora na Ujiji. Misafara hiyo ilitafuta pembe za ndovu, na ilinunua na kuteka watumwa. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 wakitafuta mto Ruzizi, walipita njia ambayo wafanyabiashara hao walikuwa wameshaijua. Baadaye Rumaliza, mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, alieneza mamlaka yake mpaka pande hizi za kaskazini za ziwa. Watu wa misafara walijiita waungwana, na ndiyo sababu Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana kwa muda mrefu.

Kwa hiyo maneno amani, imani na amana yalifika katika midomo ya watu waliobeba pia bunduki na minyororo. Ni jambo la kusikitisha, lakini linafundisha. Misafara yenyewe isingetembea siku moja bila kuaminiana. Tippu Tip, aliyekwenda mbali zaidi ya wote katika Kongo, alipewa bidhaa za safari kwa mkopo na matajiri wa Kihindi wa Zanzibar kama Tharia Topan, naye alirudi baada ya miaka na pembe. Watu wanaweza kuaminiana vizuri sana kati yao na wakawa hatari kubwa kwa wengine. Hili tumeliona tena katika vita vya siku zetu: ndani ya kundi lenye silaha kuna uaminifu mwingi.

Wenyeji nao hawakuwa wakingoja Waarabu ili waanze kuaminiana. Sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki zilikuwa na udugu wa kuchanjiana: watu wawili wa koo tofauti walichanja ngozi, wakaonjana damu, na tangu siku hiyo mmoja hakuweza kumdhuru mwenzake bila kujidhuru. Misafara iliuona udugu huo na ikautumia kupita katika nchi za wageni. Jirani zetu wa Burundi husema kwizera, kitendo kimoja kinachobeba kuamini na kutumaini pamoja, na wanasalimiana kwa neno amahoro, ambalo ndilo neno lao la amani. Askari waliotoka magharibi walituletea Kilingala, na katika Kilingala kumwamini mtu ni kuweka moyo kwake.

Kilichotokea Makobola

Wasomaji wetu wa mbali labda hawajui kwa nini tunaliandika jambo hili kutoka Makobola. Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998, na kundi la RCD likachukua Uvira mwezi huo. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, baada ya mapigano na Mayi-Mayi, askari wa RCD pamoja na washirika wao waliua raia wa Makobola na vijiji vya jirani. Wengine walipigwa risasi, wengine walichomwa ndani ya nyumba zao, na kati yao walikuwa watoto wengi. Habari za kwanza, zilizotolewa mapema Januari na shirika la habari la wamisionari MISNA, zilitaja watu zaidi ya 500. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyochapishwa mwaka 2010 ilitaja zaidi ya 800. Hakuna mahakama iliyomhukumu mtu kwa mauaji hayo. Waliookoka walikimbilia milimani na ng'ambo ya ziwa, na wengi wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma.

Hawakuwa peke yao katika kuzika. Tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba ng'ambo ya mpaka, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wamekimbia kutoka upande wa Uvira. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, katika Bonde la Ruzizi. Hatuandiki haya ili kupima nani ameumia zaidi. Tunayaandika kwa sababu mshiriki wa warsha anapoambiwa "muwe na imani," haya ndiyo anayoyakumbuka, na mtu aliyekaa kiti cha pili anakumbuka mengine.

Fikiri basi jinsi neno linavyosikika. Kumwambia mwanamke aliyepoteza nyumba nzima mwaka 1998 kwamba awe na imani na jirani, ni kumwomba abadilishe kitu ndani ya moyo wake, na abadilishe yeye, wakati aliyemkosea hajaombwa kitu. Imani haitolewi kwa agizo. Hapo ndipo tunaona wawezeshaji wazuri, wenye nia safi, wanawaumiza watu bila kujua.

Neno lililochoka

Kuna sababu nyingine ya watu kusita. Neno amani limetumika sana hapa, tena na watu wenye silaha. Baada ya mkutano wa Goma wa Januari 2008, ambapo makundi mengi yalitia sahihi ahadi ya kuacha vita, serikali ilianzisha mpango ulioitwa Amani. Mwaka 2009 ukaja na operesheni za kijeshi: kwanza Umoja Wetu, kisha Kimia II, na kimia kwa Kilingala ni utulivu. Mwaka 2010 ikafuata Amani Leo, nayo ilikuwa operesheni ya kijeshi. Mama aliyekimbia kwa ajili ya Kimia II na akakimbia tena wakati wa Amani Leo ana haki ya kuuliza neno hilo lina maana gani.

Na ya karibuni. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano huko Washington. Siku chache baadaye, wapiganaji wa M23 waliingia Uvira. Watu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi, wengine wakashuka kusini kwa barabara ile ile inayopita Makobola. Mapatano yanahitajika, hatusemi vingine. Lakini mtu aliyetandika mkeka wake kando ya barabara wiki ile hawezi kuambiwa kwamba amani imetiwa sahihi.

Kiambishi kidogo, kazi kubwa

Kiswahili kina njia ya kueleza kuaminiana ambayo Kifaransa hakina kwa neno moja. Kiambishi -ana kinadai watu wawili. Huwezi kupendana peke yako, huwezi kupigana peke yako, na huwezi kuaminiana peke yako. Mtu anayesema "mimi ninaaminiana" amesema kosa la sarufi, na mtoto wa shule atamcheka. Lakini katika mikutano mingi ya upatanisho tumefanya kosa hilo kwa matendo: tumekaa na upande mmoja siku tatu tukiwafundisha kuaminiana, huku upande wa pili haujui hata kama kuna mkutano.

Linganisha na kuaminika. Hapo kitendo kinamgeukia yule anayetaka kuaminiwa. Swali si tena "je, wewe umemwamini?" bali "je, yeye anaaminika?" Mwaminifu naye ni sifa ambayo mtu hupewa na wengine baada ya muda. Ukisikia mtu anajisifu kwamba yeye ni mwaminifu, shika mfuko wako.

Upande wa giza wa ukoo huu pia umetoka Kiarabu, na ni vema wawezeshaji waujue. Hiana ni kinyume cha amana: kukitumia vibaya kile ulichokabidhiwa. Kumhini mtu ni kumnyima kilicho haki yake huku kiko mikononi mwako. Haini ni msaliti. Maneno haya hayasemi juu ya kutoamini. Yanasema juu ya kitu kilichoachwa na hakikurudishwa. Kwa hiyo watu wa Makobola wanaposema kwamba jirani zao "walituuza," lugha tayari imeeleza shida yao kuliko kitabu chetu: kulikuwa na amana, na amana ile ilikuwa uhai wao.

Amana za kila siku

Sasa tufike kwenye jambo tunalotaka kulisisitiza. Imani haionekani na haiwezi kuanza kwa agizo, lakini amana inaonekana. Inaweza kuwa ndogo. Inaweza kurudishwa kesho asubuhi, mbele ya watu. Na ukitazama vizuri, ufuko mzima wa kaskazini ya Tanganyika unaishi kwa amana.

Chukua ndagala. Wavuvi hutoka usiku ambao hakuna mwezi, kwa sababu samaki hawa wanafuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu. Asubuhi wanawake wanangoja ufukoni na mabeseni. Wengi hawana fedha mkononi. Wanachukua samaki, wanawaanika mchangani, wanawauza, ndipo wanalipa. Mvuvi amempa mfanyabiashara amana kwa siku mbili au tatu bila karatasi. Hamuulizi kabila lake. Anauliza kama mara iliyopita alilipa. Mwezi ukifika kujaa, uvuvi unasimama, na siku hizo ndizo za kulipana na kugombana. Mwezeshaji anayetaka kujua nani anamwamini nani katika kijiji cha ziwa, akae ufukoni asubuhi tatu kabla ya kuandika ratiba ya warsha.

Chukua pia ng'ombe. Zamani wafugaji wa Kinyamulenge waliposhuka kiangazi kutafuta majani, walitoa itulo kwa wakuu wa wenyeji wa Fizi, nao wakuu wakawajibika kwamba njia iko salama. Hiyo ilikuwa amani katika maana yake ya asili, ahadi yenye mtu anayeijibu. Wabembe na Wafuliiru waliokuwa na ng'ombe nao waliwaachia wafugaji wa milimani wawachunge. Ng'ombe wa Mbembe ndani ya zizi la Mnyamulenge ni amana inayotembea na inayozaa, na kila ndama ni sababu ya kuonana tena. Vita vimeharibu sana desturi hiyo. Itulo yenyewe imegeuka kuwa jambo la ugomvi, nani alipwe na kwa nini, na baada ya mapigano yaliyoongezeka milimani tangu mwaka 2017 ng'ombe wengi sana waliibwa. Lakini wazee wanaijua, na wanaweza kusimulia nani alichunga ng'ombe wa nani. Tumeona kwamba masimulizi hayo yanafungua midomo kuliko swali lolote la kitabu.

Mfano wa tatu ni mpya, nao unatupendeza kuliko yote: vikundi vya kuweka na kukopeshana vijijini, vile watu wa Kivu wanavyoita AVEC. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991 kwa kazi ya shirika la CARE na wanawake wa vijijini, kisha ikaenea Afrika. Kikundi kina kasha la chuma lenye kufuli tatu. Mtu mmoja anatunza kasha nyumbani kwake, na funguo tatu ziko kwa watu watatu wengine ambao si wa kamati. Kasha halifunguliwi ila wote wamekaa. Fedha zinahesabiwa kwa sauti. Kabla ya kufunga, kila mtu anaweka kichwani kiasi kilichobaki, na mkutano unaofuata wanaanza kwa kukitaja kabla kasha halijafunguliwa. Mwisho wa mwaka wanagawana.

Mgeni anaweza kucheka: kama wanaaminiana, kufuli tatu za nini? Amekosa kuelewa. Kufuli zinamlinda mtunza kasha pia. Zikipungua fedha, hakuna wa kumnyooshea kidole yeye peke yake, na mume wake hawezi kumlazimisha afungue usiku. Kuna wakati mtu anashindwa kuwa mwaminifu kwa sababu ameachwa peke yake na jaribu. Kufuli tatu zinawapa watu watatu nafasi ya kuaminika, tena kila wiki.

Kwa wawezeshaji

Katika warsha za kuponya na kujenga upya jamii, zilizoanzia Rwanda na Burundi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuna zoezi la miti miwili. Washiriki huchora kwanza mti wa kutoaminiana, mizizi yake na matunda yake, kisha mti wa kuaminiana. Ni zoezi zuri na tunaendelea nalo. Tunaomba jambo moja: kwenye mizizi ya mti wa pili, msikubali maneno makubwa tu, upendo, umoja, msamaha. Ulizeni: nani alikuachia nini, na ulikirudisha lini? Nani alikuficha? Nani alikupitishia mtoto ng'ambo ya mto? Katika kila kijiji kilichopita vitani kuna mtu wa upande mwingine aliyeficha mtu, na mara nyingi hajawahi kutajwa mbele ya watu, kwa sababu kumtaja kunaweza kumletea hatari hata leo. Kwa hiyo mshiriki asilazimishwe kutoa jina. Tukio linatosha.

Kuna zoezi jingine, lile la kumfunga mtu macho kwa kitambaa na mwenzake akamwongoza kwa mkono. Huko lilikotoka watu hulicheka na kulifurahia. Makobola tunashauri lisifanywe siku ya kwanza, na pengine lisifanywe kabisa. Kuna watu hapa waliowahi kuongozwa usiku na mtu mwenye silaha. Mshiriki akikataa kitambaa, hajashindwa somo.

Kuhusu tafsiri, katika chapa ijayo ya kitabu chetu tumekubaliana hivi. Pale Kifaransa kinaposema juu ya watu wawili au jamii mbili, tutaandika kuaminiana. Pale kinaposema juu ya tabia ya mtu, uaminifu. Imani tutaiacha kwa mambo ya dini na ya huruma. Tumaini tutalitumia kwa mambo yajayo tu. Na sura ya nne, iliyoitwa "Kuwa na imani na adui wako," itaitwa "Amana," na itaanza na kasha la kufuli tatu.

Tunatafuta bado maneno ya Kibembe, Kivira na Kifuliiru kwa ajili ya kuweka amana, kuirudisha, na kuila. Wazee na walimu wanaoyajua tunawaomba wayaandike pamoja na mfano wa sentensi, na wampe mwezeshaji wa kijiji chao kabla ya mkutano wa mwezi.